Viraka Havidai Kitambaa Kipya

Msikilizaji, leo nazungumza na wanaoshona matandiko ya viraka: akina mama wa vyama, mafundi wa mtaani, na vijana walioanza kwa cherehani ya kuazima. Kilio chao ni kimoja. Kitambaa kimepanda, pamba ya kujazia imepanda, hata uzi. Vingi vyatoka ng'ambo, kwa hiyo dola au nauli ya meli ikipanda, mwenye duka anaongeza bei. Fundi ndiye anayebanwa, kwa kuwa mteja wake bado anataka bei ya mwaka jana.

Rai yangu ni hii: tuache kununua kitambaa kipya ili tukikatekate.

Huko Alabama, Marekani, kuna kijiji cha Gee's Bend, kimezungukwa na mto pande tatu. Wanawake Weusi wa pale, wazao wa watumwa walioilima ardhi ile ile, walishona matandiko kwa nguo za shambani zilizochakaa, maana pesa ya dukani haikuwepo. Mwaka 1942 Missouri Pettway, akiwa amefiwa na mumewe, alizikata nguo za kazi za marehemu akazishona tandiko, ajifunike akimkumbuka. Mwaka 1972 ushirika wa eneo hilo, Freedom Quilting Bee, ulipewa kazi na kampuni ya Sears ya kushona foronya za kodroi. Mabaki yakaenda majumbani, yakawa matandiko. Mwaka 2002 kazi za wanawake hao zilitundikwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York. Kilichozifikisha huko ni jicho lililopanga rangi.

Sisi tuna Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Shati la kiume la pamba lililochakaa kola huishia kwenye taka. Ligeuze: mgongo bado mzima, mpana. Tena limefuliwa mara nyingi, limeshanywea. Kitambaa kipya usipokifua kwanza kitanywea ndani ya kazi yako na kuikunja yote. Liinue shati dirishani. Pale mwanga unapopenya, karibu na kwapa, kata utupe. Kitambaa kinachovutika kiache hata ukipewa bure. Na fundi wa vitenge aliye jirani yako, mwombe akuwekee mabaki kabla hayajafagiliwa. Katikati, badala ya pamba ya kujazia, blanketi kuukuu lililo safi linatosha kabisa.

Kwenye uzi, hapana, tusibane. Vuta kipande kwa mikono miwili. Kikikatika kirahisi, usinunue. Uzi dhaifu utaachia baada ya kufuliwa mara chache, na jasho la miezi litakuwa limekwenda bure, pamoja na jina lako kwa mteja.

Uzi mzuri ni ghali kwa anayenunua rejareja, na hapo ndipo vyama vyetu vina nguvu. Chama kinachochanga kununua hema na viti vya kukodisha kinaweza kuchanga pia kununua katoni ya uzi kwa bei ya jumla, kila mshonaji akachukua wake na kulipa kidogo kidogo kadiri anavyouza. Mkikutana wiki hii, lileteni hilo mezani.