Kupima Kabla ya Kutibu: Upungufu wa Madini Mwilini katika Kitui na Makueni

Mada kwa semina ya wauguzi, maafisa wa lishe na wahudumu wa afya ya jamii



Mwaka 2004 sumu kuvu ilipoingia kwenye mahindi ya Ukambani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Msiba ule ulitufunza kuanika mahindi vizuri na kuyatupa yaliyoota ukungu. Upungufu wa madini hauna ukungu wa kuonekana. Mtoto anakula isyo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, anashiba, analala, na mwili wake bado unadai kitu ambacho hakikuwemo sahanini, au kilikuwemo ila tumbo halikuweza kukifyonza.

Nitakaa zaidi kwenye chuma na zinki, kwa kuwa ndiko tunakoumia. Na ninalotaka kulisema ni hili: tunatibu kwa kukisia, na hata tunapopima tunaishia njiani.

Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa kitaifa wa virutubishi wa mwaka 2011 ulikuta upungufu wa damu kwa takriban wajawazito 42 katika kila 100, na kwa watoto 26 katika kila 100 walio chini ya miaka 5. Zinki ilikuwa imepungua kwa zaidi ya watoto 8 katika kila 10. Miaka mitatu baadaye, utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2014 uliiweka Kitui pamoja na Pokot Magharibi kileleni kwa udumavu: karibu watoto 46 katika kila 100. Kitaifa walikuwa 26.

Chanzo kimoja kimo chunguni. Mahindi, maharagwe na mbaazi yana fitati, kemikali inayoyang'ang'ania madini ya chuma na zinki tumboni yasiingie kwenye damu. Nyama, ambayo chuma chake hufyonzwa kwa urahisi, huonekana siku za sherehe. Sheria ya 2012 inawataka wenye viwanda waongeze chuma na zinki kwenye unga wa mahindi, lakini familia nyingi za hapa hupeleka debe lao kwenye mashine ya kijijini, na unga huo hurudi nyumbani bila kuongezwa chochote.

Mwili unavyoumia

Chuma ndicho kinachoiwezesha damu kubeba hewa. Kikipungua, mama aliyekuwa akipanda kilima na mtungi wa lita 20 anapumzika mara tatu njiani, na moyo unamwenda mbio. Akijifungua huku damu ni haba, kutokwa na damu ambako mwingine angekuhimili kunaweza kumuua. Kwa mtoto mchanga chuma hujenga ubongo, na anachokosa katika miaka miwili ya kwanza hakirudishwi chote na vidonge vya baadaye. Wapo wanafunzi wanaoitwa wavivu ambao hawajawahi kupimwa damu.

Zinki kazi yake ni kukuza na kukinga. Mtoto aliyeikosa hakui, kidonda chake hakifungi, anaharisha kila mara, na kila kuharisha kunaipunguza zaidi. Ndiyo maana tangu 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanataka mtoto anayeharisha apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvi na sukari: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6. Kina mama wengi huacha kuharisha kukikoma. Tuwaambie wamalize.

Kuhusu mawe laini yanayouzwa sokoni na kutafunwa na wajawazito, tusiwacheke. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Huko Shiraz, Iran, daktari Ananda Prasad alimkuta kijana wa miaka 21 mwenye umbo la mtoto wa miaka 10, aliyeishi kwa mkate na kula udongo. Taarifa aliyoichapisha mwaka 1961 ndiyo iliyofungua njia ya kutambua kwamba binadamu naye hupungukiwa na zinki. Mjamzito akitaja mawe, hiyo ni dalili ya kuandikwa, na ni sababu ya kumpima damu siku hiyohiyo.

Jinsi ya kugundua

Kufunua kope na kutazama viganja ni mwanzo mzuri, ila weupe huonekana wazi damu ikiwa imeshuka sana. Tunahitaji tone la damu. Mikono ya mgonjwa iwe na joto, achomwe pembeni mwa ncha ya kidole, tone la kwanza lifutwe. Kidole kisikamuliwe, kwani majimaji ya mwilini huchanganyika na damu na kipimo kikashuka kwa uongo. Himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa upungufu wa damu kwa mjamzito, na chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba.

Lakini namba hiyo haisemi kisa. Chuma cha akiba hupimwa kwa feritini, nayo hushuka kabla ya himoglobini. Shida ni kwamba malaria na maambukizi mengine huipandisha, hivyo mtoto mwenye homa anaweza kuonekana ana akiba tele kumbe ameishiwa. Zinki ya damu ni ngumu zaidi: hubadilika kwa mlo na kwa saa ya siku, na chupa chafu huiharibu. Kwa jamii, udumavu uliokithiri ni ishara ya kutosha kwamba zinki haitoshi.

Wenzetu wa Mwingi wana neno la ziada la kukumbuka. Huko kuna kala-azar, inayoenezwa na vidudu viumavyo vinavyojificha kwenye nyufa za vichuguu. Mgonjwa huishiwa damu, homa haimwachi, na wengu huvimba. Ukimpa vidonge vya chuma ukamrudisha nyumbani, umempotezea wiki ambazo hana. Papasa tumbo kwanza.

Na ipo mashine inayozungushwa vijijini: unashika kifimbo cha chuma mkononi, kompyuta inatoa orodha ya madini "yaliyokupungua", kisha unauziwa makopo. Hakuna damu iliyotolewa, hakuna mkojo uliopimwa. Kifimbo hicho hakipimi madini, na fedha zile zingenunua mayai na dagaa.

Maombi yangu kwenu

Mjamzito apate vidonge vyake vya miligramu 60 za chuma pamoja na foliki kila siku, na himoglobini yake iandikwe kwa namba kwenye kijitabu cha Mama na Mtoto; kuandika tu "sawa" hakutoshi. Isipopanda baada ya mwezi wa vidonge, apelekwe hospitali ya kaunti kutafutwa chanzo. Nyumbani, maharagwe yalowekwe usiku kucha, chai isubiri saa moja baada ya chakula, na mlo uambatane na embe, chungwa au ubuyu, maana vitamini C hukisaidia chuma kufyonzwa. Wakulima wakiuliza mbegu, waelekezeni kwenye maharagwe ya Nyota na Angaza ya KALRO, yenye chuma na zinki zaidi ya ya kawaida. Mvua za Oktoba ndizo tunazozitegemea, kwa hiyo mbegu hizo ziulizwe mwezi Septemba.