Mlango wa siri katika simu

Februari 2025, Apple iliacha kuwapa wateja wapya wa Uingereza ulinzi wake wa juu kabisa wa data. Iliripotiwa kwamba serikali, ikitumia sheria ya mwaka 2016, ilikuwa imeidai kwa siri njia ya kuzifungua data hizo. Husemwa wanasakwa magaidi na wanaodhulumu watoto. Sababu hizo ni nzito, sizibezi.

Lakini tazameni Marekani, mwaka 2024. Wadukuzi wanaohusishwa na China walipenya kampuni za simu, wakanakili hata taarifa ambazo vyombo vya dola viliziomba kwa amri ya mahakama. Ndipo maafisa wa Marekani wakawahimiza raia watumie ujumbe uliofungwa kwa fumbo, usiosomeka njiani. Njia iliyoachwa wazi kwa dola, wadukuzi nao huweza kuipita; kwa hiyo dai la London nalipinga, hata kama nia yake ni njema.