Kipepeo Mwenye Sura Nyingi

Nimepewa dakika chache tu, basi nitazungumza juu ya kiumbe mmoja: kipepeo ambaye wataalamu humwita Papilio dardanus.

Dume ukimwona mara moja humsahau. Mabawa yake ni ya manjano iliyofifia yenye weusi pembeni, na yale ya nyuma yana mikia miwili. Sasa mtafute jike. Utatafuta sana! Jike wa huku kwetu hana mkia wala hana manjano ile. Huyu ni mweusi na mweupe, yule ana rangi ya chungwa, na wote wawili wanaweza kuwa watoto wa mama mmoja. Ndiyo maana wataalamu wa zamani waliwadhania kuwa ni vipepeo wa aina mbalimbali, wakawapa kila mmoja jina lake, mpaka mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alipoonyesha kwamba majike hao wote ni wa dume yule yule.

Kwa nini ajigeuze hivyo? Kuna vipepeo wengine, Amauris na Danaus, ambao viwavi wao hula mimea yenye utomvu wa sumu. Ndege akimla mmoja hutapika, na rangi ile haigusi tena. Jike wetu hana sumu yoyote, amevaa tu nguo za wenye sumu. Lakini hila hii ina hesabu yake: waigaji wakizidi, ndege atakutana na watamu wengi mno na ataacha kuogopa. Basi wakigawana mavazi, hakuna vazi linalojaa kupita kiasi. Mimi naona hapo ndipo penye utamu wa habari hii.

Yumo katika misitu kutoka Afrika Magharibi hadi Ethiopia, hapa Kenya, mpaka Afrika Kusini. Ukivuka bahari hadi Ngazija na Madagaska, majike hawamwigi yeyote: wana manjano na mikia kama madume wao.

Nasi tuna msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede, kununua kutoka kwa wakulima vipepeo wakiwa bado gandani na kuwauza kwenye nyumba za maonyesho ng'ambo. Mkulima hufugia nyumbani, lakini mama wa kutaga mayai hutoka msituni. Miti ikiisha, atamtoa wapi?