Mume wa Mwisho wa Mwezi: Nguvu za Kiume na Jinsi Mwanamume wa Kilungu Anavyojiona



Nimepewa mada ambayo hapa Kilungu husemwa kwa mzaha au haisemwi kabisa. Watu wa pwani wana msemo wao, jongoo hapandi mtungi. Sisi wa huku tukiusikia tunacheka, kisha tunatazama chini. Leo nitaliita jambo kwa jina lake: uume kushindwa kusimama, au kusimama ukalala kabla ya wakati, kwa mwanamume wa miaka 40 hadi 60. Usiku mmoja wa uchovu hauhesabiwi. Tunaita tatizo pale linapodumu miezi mitatu au zaidi.

Nianze na mgonjwa mmoja, ambaye nimembadilisha kidogo asitambulike. Ana miaka 51, ni bawabu katika jengo moja Nairobi. Hupanda matatu kuja Nunguni mara moja kwa mwezi, mshahara ukishaingia, amebeba mkate, sukari na karo ya mtoto. Siku ya kurudi kazini hupitia kwangu nimpime presha. Kila nikimpima iko juu. Nikamwongezea dawa, ikabaki juu. Nikaongeza tena. Mara ya tatu nilimwomba anionyeshe pakiti zenyewe. Vidonge vya mwanzo wa mwezi vilikuwa vimemezwa vyote. Vya siku za mwisho vilikuwa palepale, havijaguswa. Akasema huku anatazama mlango: "Daktari, hizi zinanimaliza. Nikikaribia kuja nyumbani, naziacha kwanza."

Hebu tupige hesabu yake. Anayelala kwake kila siku, leo akishindwa kuna kesho. Huyu akishindwa Jumamosi, ana mwezi mzima wa kukaa langoni akiwaza. Mwezi wa pili anafika nyumbani na hofu badala ya hamu, na hofu ndiyo adui mkubwa wa jambo lenyewe: mwili wenye wasiwasi hubana mishipa ya damu wakati inapotakiwa kulegea.

Mkewe nilizungumza naye baadaye, kwa idhini ya mume. Mama alikuwa na hakika kwamba bwana ana mpango wa kando huko Nairobi. Bwana alijua mkewe anawaza hivyo, akanyamaza. Nilipomuuliza mbona hakujitetea, alijibu, "Afadhali hivyo." Fikirini: mtu anayeketi kiti cha mbele kanisani yu radhi kudhaniwa mzinifu kuliko kujulikana kuwa mgonjwa. Katika miaka yangu ya kazi sijasikia jibu lililonifundisha zaidi.

Kipimo hiki cha kumpima mwanamume kwa kitanda tumekitoa wapi? Si kwa babu zetu, angalau si chote. Babu yetu Mkamba alipanda ngazi kutoka anake, yaani vijana, akawa nthele, mume kijana, akafika kwa atumia, wazee wa baraza, na ngazi hizo zilipandwa kwa ndoa, kwa watoto na kwa mbuzi. Hata jina la nyumba halikuning'inia kwenye mwili wa mtu mmoja. Mama asiyejaliwa mwana wa kiume aliweza kuoa mke, ile ndoa ya iweto, watoto wakazaliwa na boma likaendelea. Sisemi zamani hapakuwa na aibu. Aliyekosa mtoto alisemwa, na alisemwa vibaya. Ila mzee wa miaka 55 alikuwa na vitu vingi vya kujipimia, na neno lake barazani lilikuwa kimojawapo.

Wa leo vimempungukia. Wengi hapa mnaikumbuka kahawa. Ilisomesha watoto wa vilima hivi, hadi mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kugawiana soko ulipovunjika na bei ikaporomoka. Kijana aliyekuwa darasa la saba mwaka ule anakaribia miaka 50 sasa. Baba yake alilipa karo kwa kahawa. Yeye hulipa kwa mkopo wa simu. Shamba limegawanywa na ndugu hadi limebaki matuta machache. Kitambi kimeota, nywele zimerudi nyuma, na mchana kutwa anawafungulia wengine lango. Kilichobaki cha kumwambia kwamba yeye bado ni mwanamume ni kitanda. Kimoja tu, nacho anakutana nacho mwisho wa mwezi.

Sasa mwili. Uume husimama kwa damu. Mishipa inayouletea damu ina upana wa milimita 1 hadi 2, ile ya moyo milimita 3 hadi 4. Sukari, presha na sigara zikianza kuharibu mishipa, ule mwembamba ndio hulalamika kwanza, na mara nyingi hutangulia maumivu ya kifua kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo anayeficha shida hii anaficha pia onyo la moyo wake. Utafiti uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2014 uliona kwamba zaidi ya nusu ya wanaume wenye kisukari waliochunguzwa walikuwa na shida hii ya uume. Na hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja.

Swali langu la kwanza kwa mgonjwa ni moja: asubuhi unaamkaje? Kama uume husimama wenyewe alfajiri na kugoma usiku kwa mke tu, mishipa huenda ni mizima na mzigo uko kichwani. Kama hausimami alfajiri wala usiku, natafuta sukari na presha. Wengi wana vyote viwili.

Na dawa za presha je? Baadhi kweli huchangia, hasa zile za kukojoza na zile za zamani za kupunguza mapigo ya moyo. Lakini sikilizeni jaribio la Italia lililochapishwa mwaka 2003. Wanaume 96 walipewa atenolol, mojawapo ya hizo za kupunguza mapigo, katika makundi matatu ya watu 32. Kati ya ambao hawakuambiwa ni dawa gani, 1 alilalamika kwamba nguvu zimepungua. Waliotajiwa jina tu, 5. Walioambiwa kwamba inaweza kupunguza nguvu, 10. Kidonge ni kilekile. Simaanishi tuwafiche wagonjwa. Namaanisha jinsi mtu anavyojiona humeza dawa pamoja naye.

Kuhusu mizizi na vidonge vya stendi nitasema machache. Mukombero tafuneni mkipenda. Ila unga unaoitwa wa miti shamba wakati mwingine huchanganywa kwa siri na sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume. Dawa hiyo, iliyoanza kwa kujaribiwa kama dawa ya maumivu ya moyo kabla ya kuidhinishwa Marekani Machi 1998, huweza kumshusha presha hadi kufa mtu anayetumia nitreti kwa ajili ya maumivu ya kifua. Ni dawa nzuri mkononi mwa anayejua unatumia nini kingine.

Yule bawabu nilimpima sukari. Ilikuwa juu, na hapakuwa na aliyewahi kumpima. Nilimbadilishia dawa ya presha, akaanza ya sukari, akapunguza pombe, na nikawaomba yeye na mkewe wakae miezi miwili bila kujaribu, walale tu, wazungumze. Kwa maneno yake, nguvu zimerudi nusu. Mama haulizi tena habari za Nairobi.

Ombi langu ni kwenu wahudumu wa afya ya jamii. Mikoba mliyoanza kupewa mwaka 2023 ina mashine ya presha na ya sukari. Mkifika bomani mnampima mama, kwa sababu ndiye mnayemkuta. Nendeni pia Jumapili ya mwisho wa mwezi, baba akiwa bado hajaondoka kwenda stendi, naye mfungeni mkanda wa presha mkononi. Ombeni kuona pakiti za dawa. Mkikuta vidonge vimebaki, msimgombeze. Muulizeni faraghani vimebaki kwa nini, kisha mleteni kwetu kabla matatu haijajaa.