Mkopo wa Kusomea Fasihi ya Kiingereza
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi

Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwaka wa kumi, sanduku letu lina kufuli zake tatu na bado tunasalimiana.

Mapato na matumizi ameshayasoma Katibu, sitayarudia. Mie nataka kusema jambo moja tu, lile linalowafanya baadhi yetu wanune tangu mwezi uliopita. Mwenzetu mmoja ameomba mkopo wa elimu kwa ajili ya binti yake aliyemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL, akapata nafasi chuo kikuu kusomea fasihi ya Kiingereza. Mkopo wa serikali alioupata haufiki ada yote. Papo hapo likazuka pendekezo kwamba tuandike kwenye katiba: mkopo wa elimu ni kwa uuguzi, uhasibu na ufundi tu. Eti fasihi ni kusoma hadithi, na hadithi hazilipi marejesho.

Mimi elimu yangu ni darasa la saba. Kwa hiyo nilimwita yule binti nyumbani nikamwambia, "Mwanangu, hebu nieleze kwa Kiswahili unachokwenda kusoma." Akanitajia tamthilia ya Mwingereza Shakespeare, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Akanisimulia. Jamani, kumbe ni habari ya mkopo! Kijana anataka fedha za kwenda kuposa, hana. Rafiki yake mfanyabiashara, ambaye mali yake yote iko baharini merikebuni, anakubali kumsimamia na kutia saini kwa mkopeshaji: dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Zisipolipwa, mkopeshaji akate ratili moja ya nyama mwilini mwake. Mnacheka? Habari zikaja kwamba merikebu zimezama, muda ukapita, kesi ikaenda mahakamani. Aliyemwokoa ni mwanamke, Portia, aliyevaa mavazi ya kiume akaja kama mwanasheria. Kwanza aliomba huruma, ikakataliwa. Ndipo akausoma mkataba neno kwa neno: umeandikwa nyama, haukuandikwa damu. Haya kata, lakini tone lisimwagike.

Binti akasema huko chuoni hawaishii kuuliza nani kashinda. Wanauliza kama yule mkopeshaji Myahudi, aliyekuwa akitemewa mate na huyo huyo aliyekuja kumkopa, naye hakuonewa. Swali hilo nililala nalo.

Sasa tuje kwetu. Mnawakumbuka wenzetu wawili waliotia saini karatasi za kampuni moja ya mikopo, Kiingereza kitupu? Jokofu likabebwa, na cherehani ikabebwa. Karatasi ile tuliishika wengi mkononi, aliyeisoma hakuwepo.

Wengine wanasema Mwingereza tumwachie vya kwake. Hoja hiyo ina uzito, na wasomi wenyewe waliigombania. Mwaka 1968, chuoni Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe, iwekwe idara ambayo Afrika iko katikati, pamoja na fasihi simulizi: hadithi, nyimbo, methali. Hawakusema vya wengine visisomwe. Walitaka vyetu vitangulie. Kwa hiyo zile hadithi za bibi zetu jikoni, leo watu wanazifanyia mtihani.

Yupo pia Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyefundisha fasihi miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent huko Uingereza, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kitabu chake cha mwaka 1994 kimefasiriwa kwa Kiswahili, kinaitwa Peponi. Kinamhusu mtoto Yusuf, ambaye baba yake alimtoa kwa tajiri kwa sababu ya deni. Tena deni! Sisi tunaohesabu marejesho kila wiki ndio tuseme vitabu hivi havituhusu?

Upande wa kazi siwadanganyi. Yapo mambo ya ualimu wa sekondari, ambako masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza, kuna kufasiri, kuna magazeti na wachapaji wa vitabu. Nafasi zinagombaniwa, na binti anaweza kumaliza akakaa. Lakini mkopo huu halipi binti. Analipa mama yake, kwa samaki wa kukaanga, biashara ileile iliyorudisha mikopo minne bila faini hata moja. Hisa zake zinatosha, wadhamini wawili anao. Huyo ndiye wa kupimwa. Na muuguzi akikosa ajira, je, tutarudi kufuta uuguzi kwenye katiba?

Kura ni Jumamosi ijayo. Mimi nitalipinga pendekezo lile, nawaambia mapema msije mkasema nimewavizia. Badala yake napendekeza ada ilipwe moja kwa moja chuoni, muhula kwa muhula, na stakabadhi zije kwa Mweka Hazina. Na binti akiwa likizo, kila mwenye karatasi ya Kiingereza ambayo hajaielewa ampelekee aisome kabla ya kutia saini.

Mgeni Rasmi, samahani kwa kukuingiza katika mambo ya ndani. Chakula kiko tayari, akina mama wa zamu wawakaribishe wageni.