Vitasa Salama kwa Nyumba za Pwani
Msikilizaji anayejenga Mombasa, Tanga au Dar es Salaam anapaswa kufahamu kwamba kitasa, yaani kifungio kinachochimbiwa ndani ya ubao wa mlango, hukabiliana na chumvi ya bahari sawa na kinavyokabiliana na wezi, kwa kuwa hewa ya chumvi hula haraka chuma cha kawaida kilichopakwa madini ya kung'arisha tu. Kwa hiyo, mlango wa nje hufaa kuwekewa mkono wa kitasa wa chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambacho huongezewa madini ya molibdeni ili kihimili chumvi vizuri kuliko daraja la 304. Silinda, ambayo ndiyo sehemu inayopokea ufunguo, isichomoze nje ya bamba la kitasa zaidi ya milimita 3, kwani mwizi huweza kuibana kwa koleo na kuivunja. Muhimu kuliko yote, upande wa ndani uwe na kishikio cha kugeuza kwa vidole, ili moto unapozuka usiku watu watoke mara moja bila kutafuta ufunguo gizani.