Kuwa na Jamaa Ng'ambo si Kosa, Kumficha Ndiko Kosa
Hotuba kwa wakazi wa Busia, Uganda



Swali niulizwalo mara nyingi hapa mpakani ni hili: kijana ambaye mjomba wake ni raia wa Kenya, je, ataaminiwa kazini? Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Kuoana na kuzikana kwetu hakukuanza jana. Katiba ya Uganda, katika Ibara ya 10, inayatambua makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka yetu tarehe 1 Februari 1926, na Wasamia wamo katika orodha hiyo. Undugu, basi, si dosari.

Uraia pacha ni jambo jingine. Uganda iliuruhusu kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 na sheria ya mwaka 2009. Hata hivyo, sheria hiyo imefunga milango kadhaa. Mwenye uraia wa nchi mbili hawezi kuwa Rais, Waziri, Inspekta Jenerali wa Polisi au naibu wake, wala mkuu wa chombo cha ujasusi. Jirani zetu wa Kenya nao, katika Ibara ya 78 ya Katiba ya mwaka 2010, wamewazuia wanajeshi wao kuwa na uraia pacha. Shabaha ni kwamba atunzaye siri za nchi asivutwe na viapo viwili.

Sasa, anayekuchunguza hutafuta nini? Hutafuta jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulitumia kukushika. Mjomba uliyemtaja katika fomu hawezi kuwa kamba ya kukufunga. Lakini kitambulisho cha pili, kilichochukuliwa kwa ajili ya biashara au shule kisha kikafichwa sandukuni, ni kamba tayari. Yeyote akijuaye anaweza kukutisha leo kwa fedha, kesho kwa siri za kazi.

Wazazi, msiwafundishe watoto kuwakana jamaa zao. Nanyi wenyeviti, msiandike barua ya kumtambulisha msiyemjua. Mwenye nyaraka za nchi mbili aende ofisi ya uhamiaji aeleze hali yake kabla ya kujaza fomu yoyote. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.